Mtemi wa Saa Kumi na Robo

Saa kumi na dakika tano alasiri Lukresia aliinama, akaingia chumba cha redio cha ghala la pamba la Runzewe, akavuta kiti chake kilichokatwa miguu, akaketi na magoti yakamfika kifuani. Alifuta kipaza sauti kwa pindo la khanga, maana mchana karani wa mizani alikuwa amekitumia kuita lori, na karani yule alipenda vitunguu vibichi. Akaunganisha nyaya kwenye betri, akangoja taa nyekundu iwake, kisha akapeleka taarifa za siku: pamba iliyoondoka, lori lililokwama mchangani, magunia matupu yanayotakiwa, mvua hakuna. Makao makuu Shinyanga wakasema wamepokea. Saa kumi na robo watu wa Shinyanga wakaacha mashine yao wakaenda kunywa chai, na Nchi ikafunguka.

Nchi haikuwa na jina jingine. Ilianza Desemba ya mwaka 1970, mvua zilipokata barabara na malori yote ya Shirika la Maghala yakalala palepale yalipokuwa kwa siku kumi na tisa. Waendesha redio wa maghala walikaa mbele ya mashine zao bila la kusema. Siku ya kumi na moja, Marcel wa ghala la Geita, mtu mzima aliyekuwa akiendesha lifti ya mgodi wa dhahabu kabla mgodi haujafungwa, alibonyeza kitufe akasema bila haraka:

"Mko ukingoni mwa mto. Gogo limelala toka huku hadi ng'ambo. Ng'ambo kuna moshi. Mnafanya nini? Ova."

Redio ikakoroma kidogo. Kisha akajibu Apolonia wa ghala la Samuye, ambaye siku hizo alikuwa ananyonyesha na hakuwa na dakika ya kupoteza.

"Moshi wa nini? Kama wanapika, mimi navuka. Ova."

Tangu hapo kila siku, kuanzia saa kumi na robo hadi saa kumi na moja kamili, waendesha redio wote wa kanda waliishi huko. Marcel alisimulia kilichokuwepo, wengine walisema wanafanya nini. Kila mmoja alikuwa na kopo la mbegu za pamba mezani. Ukitaka kujua kama umefanikiwa kuruka shimo au kumchoma nyati mkuki, unachota mbegu kiganja kimoja, unazipanga mbilimbili. Zikikamilika jozi, umefaulu. Ikibaki moja, umeshindwa, na unasema mwenyewe hewani kwamba umeshindwa, maana hakuna mwingine anayeiona meza yako.

Kila aliyeingia alianza na fimbo, kibuyu na mbuzi watatu, mmoja kilema. Kutoka kwa mchunga mbuzi unapanda hadi mchunga ng'ombe, halafu mwindaji, na kuendelea. Ngazi ya tano ni nsumba ntale, yule anayeongoza vijana kulima kwa ngoma. Ya saba ni mwanangwa, mkuu wa kijiji. Ya tisa ni mtemi. Serikali ilikuwa imefuta utemi tangu mwaka sitini na tatu, lakini ilifuta wa ardhini. Wa hewani haukutajwa.

Na kila aliyepanda ngazi aliongezeka urefu wa vidole vinne.

Lukresia alipotoka kwa mbuzi kwenda kwa ng'ombe, aligundua sketi imepanda juu ya magoti, akafumua upindo akaushusha. Alipofika ngazi ya tano alifumua upindo hadi ukaisha, akaanza kuunga vitenge. Kule Samuye mume wa Apolonia, ambaye mwenyewe hakuwa mfupi, alizoea kuongea na kidevu cha mkewe. Felician wa Ushirombo alinunua suruali za mitumba za wamisionari. Marcel peke yake hakubadilika, kwa kuwa msimuliaji hana ngazi.

Mwaka 1977 Lukresia alikuwa mtemi wa Nchi nzima na urefu wake ulikuwa futi saba na inchi mbili. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na binti mmoja, Limi, wa miaka tisa. Kazini alikuwa kibarua wa msimu. Kila Januari pamba ikiisha aliachishwa, na kila Julai aliandikwa upya kwenye daftari kama mtu aliyeshuka leo kwenye lori: jina, kabila, elimu, uzoefu hakuna. Kati ya Februari na Juni aliendelea kuja kuwasha redio bure, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kuiwasha.

Ndiyo maana aliipenda Nchi, na alikuwa na maoni yake juu yake, ambayo aliyatoa hata pale ambapo hakuulizwa. Alisema uzuri wa Nchi ni kwamba ukiondoka inakungoja. Umeugua malaria wiki mbili, unarudi, unamkuta ng'ombe wako amesimama palepale ulipomwacha, na wewe ni yuleyule uliyekuwa. Hakuna anayekuuliza uzoefu wako. Alisema mchezaji anayejificha vichakani karibu na gogo ili awapore wageni mbuzi zao, hana tofauti na mbweha, na jina lake ni Felician. Alimsema pia Felician kwa fisi: mwaka sabini na tatu Felician aliua fisi mia mbili wa aina moja, mmoja baada ya mwingine, miezi minne, ili apande ngazi.

"Kama nataka kufanya jambo moja mara mia mbili," Lukresia alimwambia, "mimi niko kazini tayari. Ova."

Juu ya kifo alikuwa mkali. Anayekufa Nchini lazima afe, alisema, akae kimya siku tatu, arudi akiwa mpwa wake mwenyewe. Nchi isiyouma haichekeshi. Na mganga wa msafara ashukuriwe akiwapo, asisubiriwe mpaka siku amekosekana na watu wanavuja damu ndipo wakumbuke kumwita kwa jina lake lote.

Julai ile ghala lilipata meneja mpya, wa nne tangu Lukresia aanze kazi. Alitokea makao makuu ya Shirika mjini Shinyanga, akiwa na nyumba yake Ngokolo, kalamu tatu mfukoni na chupa ya wino aliyoibeba kama yai. Aliitwa Ndugu Anatoli. Lukresia alimfundisha kusoma ratiba ya malori, namna ya kuongea na madereva, na mahali panapovuja paa, kama alivyowafundisha watatu waliotangulia. Anatoli alikuwa amemzidi umri kwa miaka miwili, akamwita binti.

Wiki ya tatu alimkuta akiinama mlangoni.

"We binti, urefu huo ni wa ukoo?"

"Ni wa kazi, Ndugu Meneja," Lukresia akasema, akamweleza habari za Nchi toka mwanzo.

Anatoli alisikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Akauliza, "Sasa huko mkubwa ni nani?"

"Mtemi."

"Na mtemi ni nani?"

"Mimi."

Meneja akatafakari, akagusa kalamu zake moja moja. "Lakini hapa meneja ni mimi."

"Ndiyo."

"Sasa itakuwaje ghala liwe na meneja, halafu hewani liwakilishwe na kibarua? Makao makuu wakisikia? Niandike mimi hiyo nafasi."

"Karibu sana. Anayeingia anaanza na mbuzi watatu."

"Mbuzi?"

"Mmoja kilema."

Anatoli alirudi ofisini kwake, akakaa kama saa moja, akarudi na karatasi nzuri nzito yenye nembo ya Shirika. Ilikuwa barua ya kuomba Ndugu Lukresia, kibarua, athibitishwe kuwa mtumishi wa kudumu. Ilikuwa imepigwa chapa bila kosa hata moja. Sahihi tu ilikosekana.

"Kiti kwa barua," alisema. "Wewe unanipa kiti, mimi natia sahihi. Usiponipa, sikulazimishi. Ila betri ile ni mali ya Shirika, na sijui kama imenunuliwa kwa ajili ya watemi."

Lukresia aliichukua barua akaisoma akiwa amesimama nje, kwa sababu ndani hakuweza kusimama. Mtumishi wa kudumu hupewa nyumba ya Shirika. Nyumba zile tano nyuma ya ghala zilikuwa na dari ya futi tisa. Yeye na Limi walipanga chumba kimoja ambacho miguu yake ilitokea nje ya mlango kuanzia magotini, na Limi alikuwa na mazoea ya kuanika soksi za shule kwenye vidole vya miguu ya mama yake. Kuku wa mwenye nyumba walivizoea pia. Na mtumishi wa kudumu haandikwi upya kila Julai.

Saa kumi na robo aliwaeleza wenzake hewani.

"Mimi niliua fisi mia mbili," Felician akaanza kwa uchungu.

"Tunajua!" vituo vitatu vikasema kwa pamoja.

"Mama Limi, mayu, chukua barua," alisema Apolonia. "Kiti cha huku unakikalia robo tatu ya saa. Nyumba utaikalia kutwa kucha. Mimi kesho nitamwamkia huyo meneja wako hewani, na sitapungukiwa kitu. Ova."

"Utapungukiwa, Felician atakupora mbuzi. Ova."

"Ajaribu! Ova."

Marcel aliwangoja mpaka wakamaliza kucheka. Kisha akasema, "Mwenye kiti ndiye mwenye kukitoa. Ila nisikilizeni. Akishaketi nitamwuliza kama ninavyowauliza ninyi. Sitamwuliza nusu. Ova."

Kesho yake Lukresia alisema hewani kwamba ametoa kiti, anarudi kwa mbuzi. Kufika saa kumi na moja alikuwa amepungua vidole thelathini na viwili. Alitoka mlangoni bila kuinama, vitenge vikiburuzika nyuma kama vya bi harusi, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi kitanda kilimtosha. Limi alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Mama, sasa soksi nitaanika wapi?"

"Kwenye kamba, kama watu."

"Kamba haichezi vidole," Limi akasema, akaenda kutafuta kamba. Lukresia naye hakuifurahia nafasi ile ya kujinyoosha. Alijiona kama kitu kilichokunjwa kikawekwa kabatini.

Anatoli kwa upande wake hakuongezeka. Kila asubuhi alisimama kwenye fremu ya mlango, akajipima kwa penseli, na kila asubuhi mstari ukaangukia palepale pa jana. Alimwuliza Marcel hewani kama kuna ucheleweshaji. Marcel akamjibu kwamba vidole vinakuja kwa kupanda, na yeye alikuwa ameketi tu. Na ile barua aliiweka kwenye droo. Alisema atatia sahihi akishakaa vizuri kitini.

Siku ya nne Nchi ilipata shida.

"Mtemi," alisema Marcel, "kweleakwelea wameingia toka kaskazini, jua halionekani. Mtama umeiva mashamba yote. Unafanya nini? Ova."

"Natoa waraka. Ova."

"Waraka kwa nani? Ova."

"Kwa ndege. Nakala kwa wanangwa wote. Ova."

Redio ikakoroma. "Chota, Mtemi. Ova."

Anatoli akachota kiganja, akapanga mbegu mbilimbili juu ya kitabu cha ratiba. Ikabaki moja. Lukresia alikuwa amesimama pembeni na birika la chai. Meneja akamtazama Lukresia, akaitazama mbegu, akaiokota akaitia mdomoni, akaimeza na funda la chai.

"Zimekamilika jozi," akasema. "Ova."

Marcel hakuwa akiiona meza ile. "Waraka umesomwa," alisema. "Ndege wameondoka. Ova."

Kesho yake alisema, "Ndege wameondoka, kama Mtemi alivyosema. Mtama nao umeondoka. Mtemi, watu wana njaa. Unafanya nini? Ova."

Anatoli aliunda kamati. Akachota, ikabaki moja, akaimeza. Siku iliyofuata aliagiza mvua. Akameza tena. Kila alichotangaza kilifanikiwa, na Nchi ikazidi kukonda. Felician alishuka ngazi mbili kwa njaa, suruali za wamisionari zikaanza kufagia uwanja wa ghala la Ushirombo. Apolonia alishuka moja, na mumewe akaiona midomo ya mkewe ikisogea karibu na macho yake, akafurahi siku mbili, kisha akaona jinsi alivyo mnyonge, naye akaacha kufurahi.

Jumanne chini ya sikio la kushoto la Anatoli paliota kitumba cha kijani. Alhamisi kikapasuka, kikatoa pamba. Wiki iliyofuata alikuwa na pamba toka sikio hadi sikio, chini ya kidevu imeshonana. Ilikuwa kilele cha msimu na kazi zilikuwa nyingi, kwa hiyo akina mama wa kuchambua walimpitia saa ya chakula, wakamchuma akiwa anasaini hati za malori. Tereza, aliyekuwa na jicho kuliko wote, aliinua konzi moja akaitazama kwenye mwanga.

"Fifi," alisema, akaitupa kwenye lundo la daraja la pili.

Anatoli akaacha kalamu. "Fifi? Hii?"

"Ina madoa, Ndugu Meneja. Ona hapa. Na nyuzi fupi."

"Angalia vizuri, mama."

"Nimeangalia. Kama ingekuwa ya baba yangu mzazi ningesema hivyohivyo."

Kuota hakukumsumbua. Daraja ndilo lililomuuma. Alikuwa ametumikia pamba miaka kumi na miwili, mwaka mmoja alipewa cheti na redio ya mkononi kwa usafi wa ghala lake, na sasa pamba ya uso wake mwenyewe inatupwa kwenye fifi mbele ya vibarua. Alinunua dawa ya wadudu akajipulizia. Ikazidi madoa.

Wakati huo huko Nchini mchunga mbuzi wa Runzewe aliomba nafasi. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, kwa hiyo meneja alimpisha shingo upande.

"Mchunga mbuzi hapa," Lukresia alisema. "Ndege hawajaondoka, mimi nawaona. Nipo huku chini, mtemi hawezi kuwaona akiwa kitini. Nawaita wachunga wote, kila mmoja aje na teo na debe. Ova."

"Wachunga ni wewe peke yako," Marcel akasema. "Wengine wote wana vyeo. Ova."

"Basi washuke. Ova."

Kisha Apolonia akasema, "Nimeshuka. Ova." Kule Samuye viatu vyake vikampwaya papo hapo. Felician alilalamika kwa muda mrefu, akataja fisi, kisha naye akashuka. Lukresia akachota. Ikabaki moja.

"Imebaki moja," alisema. "Tumeshindwa. Mbuzi wangu mmoja amekufa. Ova."

Anatoli aliyasikia hayo akiwa amesimama dirishani akijikuna shavu. Hakuwa amewahi kumsikia mtu wa Shirika akitaja kushindwa kwake mwenyewe kwenye redio.

Kesho yake walijaribu tena, ikabaki moja, wakasema. Siku ya tatu zikakamilika. Waendesha redio watatu wakapiga madebe ya kweli, kila mmoja kwenye kituo chake, Limi akasaidia uani kwa sufuria, na Marcel akasema ndege wameinuka wote kwa mara moja na limebaki shamba moja zima, la mbegu. Malori matatu yaliyokuwa njiani yalichelewa siku ile. Madereva waliripoti kundi kubwa la ndege lililovuka barabara likielekea mahali pasipokuwa na kitu.

Alasiri iliyofuata Anatoli alimfuata Lukresia kwenye birika la chai. Akaongea kwa sauti ya chini.

"Hivi... ile pamba safi, ya daraja la kwanza, inapatikanaje?"

"Unasema kweli tu, Ndugu Meneja. Na mbegu unaiacha mezani."

Saa kumi na robo Marcel alimwuliza mtemi ataugawaje mtama wa lile shamba moja. Anatoli alieleza, akachota, akapanga. Mkono ulimwenda mdomoni wenyewe. Akaurudisha.

"Zilikuwa tisa," alisema. "Imebaki moja. Na zile za nyuma zilibaki pia. Niliwadanganya. Nilizila. Ova."

"Ulizila mbegu za nini sasa, baba wewe, ulikosa karanga?" Apolonia aliuliza. "Ova."

Walicheka kutoka Samuye hadi Geita, na Anatoli, baada ya kuangalia huku na huku, akacheka pia. Alipokuwa anacheka kitumba kimoja kidevuni kikapasuka. Tereza aliitwa. Aliichuma pamba yake, akaivuta nyuzi, akaitazama kwenye mwanga kwa muda mrefu kupita ilivyolazimu, kwa makusudi.

"Safi," alisema.

Hicho ndicho kitumba cha mwisho. Anatoli aliifunga pamba ile kwenye leso, akaitia mfukoni pamoja na kalamu. Kisha akabonyeza kitufe akasema kwamba kiti hiki hakina raha yoyote, kila mtu anakuuliza wewe, mwenyewe akikalie, na yeye kama inawezekana apewe mbuzi.

"Watatu," Marcel akasema. "Mmoja kilema. Ova."

"Nimewapokea. Ova."

Lukresia akarudi kitini. Marcel alisema ngazi zake zote zimerudi, na juu ya ile ya tisa imetokea ya kumi, ambayo yeye hakuiweka wala hajui jina lake. Vidole thelathini na sita viliingia alasiri moja. Vifungo vya blauzi viliruka, kimoja kikagonga kabati la mafaili. Waliokuwa wameshuka walipandishwa wote, Felician akapewa mkia wa fisi wa heshima ili anyamaze, na kutoka Samuye ngoma za kufunga mavuno zikasikika redioni, ingawa Apolonia aliapa kwamba pale ghalani hakuna ngoma, kuna magunia tu. Saa kumi na moja kamili Lukresia aliinuka kutoka, akiwa amesahau zile inchi tatu mpya, akagonga fremu ya juu. Ikapasuka, vumbi likamwagikia mafaili ya meneja.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya meza ya meneja, ameinamisha shingo chini ya dari.

"Barua yangu, Ndugu Meneja."

Anatoli akafungua droo, akaitoa. Ilikuwa safi vilevile, bila sahihi. Akaiweka katikati ya meza, akaisawazisha.

"Nimelifikiria sana jambo hili," alisema. "Tuliafikiana kiti kwa barua. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kiti nimekurudishia."

"Umenirudishia."

"Basi nikitia sahihi utakuwa umepata kiti na barua, vyote viwili, na mimi sina kitu. Zamani ningekuzungusha, ningekwambia njoo kesho. Lakini huko Nchini nimejifunza kusema kweli. Kweli ni hiyo."

Alisema kwa upole, bila hila yoyote. Macho yake yalikuwa ya mtu anayengojea kusifiwa. Lukresia aliyageuza maneno yale huku na huku akitafuta pa kuyashika, akakiona kilichokuwa ndani yake, kwamba kiti yeye alikwisha kukitoa na meneja amekirudisha kwa kukichoka mwenyewe, ambacho meneja hakukiona wala hakuwa na shida ya kukiona. Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika kabati, akacheka mpaka waya wa antena ukatikisika juu ya paa, na ndege wawili waliokuwa wameukalia wakahama. Anatoli akacheka naye kwa adabu. Kisha akampa ile karatasi, kwa kuwa ilikuwa na nembo na isingefaa kutupwa. Limi alifanyia hesabu upande wa nyuma. Ilikuwa karatasi nzuri, haikupitisha wino.

Msimu ulikwisha Januari, na siku ya mwisho vibarua walipanga mstari kuagwa. Karani wa mizani alipiga mstari juu ya jina la Lukresia. Siku hiyohiyo fundi Pantaleo, seremala wa ghala, alikuja na futi kamba na fomu ya matengenezo, akakaa na meneja kuijaza.

"Kazi?" Pantaleo akauliza.

"Kuinua mlango wa chumba cha redio."

"Kiasi gani?"

"Futi nane. Weka na ziada, anaweza kupanda."

"Sababu?"

"Kibarua ameongezeka."

Pantaleo akaandika, akafika mstari wa mwisho. "Hapa wanauliza: matumizi ya muda, au ya kudumu?"

Anatoli aliichukua fomu mkononi mwake, maana jambo hili hakutaka likosewe. "Mninga huo, fundi. Utakaa miaka hamsini." Akatia alama kwenye *kudumu*, akatoa kalamu ya wino mweusi, akatia sahihi bila kusita.

Pantaleo alipigilia msumari wa mwisho saa kumi. Na saa kumi na dakika tano Lukresia, ambaye tangu adhuhuri hakuwa mfanyakazi wa mtu yeyote, alikuja kuwasha redio. Alipita mlangoni amenyooka kama mlingoti, Limi amekaa begani, soksi mbili mbichi mkononi. Alifuta kipaza sauti, akaunganisha nyaya, akapeleka taarifa za siku. Shinyanga wakaenda kunywa chai.

Saa kumi na robo meneja wa ghala la Runzewe aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha ofisini, akaingia chumba cha redio, akavua kofia.

"Shikamoo, Mtemi."

"Marahaba, mchunga. Mbuzi wameshindaje?"

"Wameshinda salama, mayu." Uso wake uling'aa. "Yule kilema amezaa. Mapacha."

"Wabeja," Lukresia akamshukuru, akamtengenezea nafasi kwenye benchi la pembeni, na akabonyeza kitufe.